Mashine Inayotafuna: Somo kwa Kamati za Diakonia



Tulipowatembelea wazee wanaopokea mahindi na maharage kutoka Idara ya Diakonia, tulikuta nyumba moja debe limejaa karibu kama lilivyoletwa, na bibi mwenye nyumba amekonda. Hakuwa na meno ya nyuma. Alituambia ameshiba. Sisi tulikuwa tumehesabu magunia, habari za meno hatukuuliza.

Ndipo tukasoma juu ya mashine iliyotengenezwa Clermont-Ferrand, Ufaransa, ambayo kazi yake ni kutafuna. Majaribio yake yalichapishwa mwaka 2010. Ina chumba kidogo chenye sahani mbili za meno zinazosaga na kukandamiza chakula, katika joto la nyuzi 37 kama la mwili, pamoja na mate ya kutengenezwa. Waliijaribu kwa karoti mbichi na karanga, kisha wakalinganisha tonge lake na lile la watu wenye meno mazima, waliolitema kabla ya kulimeza. Vipande vilipimwa kwa chekecheke za matundu mbalimbali (ndiyo, chekecheke, kama akina mama wanavyochekecha unga). Kwa karoti mbichi, watafiti waliweka mpaka wa milimita 4: nusu ya uzito wa tonge ikibaki katika vipande vikubwa kuliko hapo, utafunaji huo una kasoro.

Mashine haichoki wala haipaliwi. Inaweza kurekebishwa itafune vibaya makusudi, kama mtu mwenye meno mabovu, bila kumhatarisha mtu yeyote. Lakini haina ulimi wa kutafuta kipande kilichojificha shavuni, na haioni aibu kama bibi yetu.

Hatuna haja ya kuinunua. Mwongozo wa kimataifa wa IDDSI unatumia uma: bonyeza chakula mpaka ukucha wa kidole gumba ugeuke mweupe. Kikipondeka na kisirudie umbo lake, ni laini. Tulijaribu makande yetu wenyewe. Maharage yalipondeka, mahindi yalikataa.

Kwa hiyo, kabla ya mgao ujao, kila kamati ituletee orodha ya wazee wasioweza kutafuna. Hao tutawapa unga badala ya mahindi mazima. Gharama ya kusaga haikuwemo katika bajeti ya awali, na wahisani wetu wataiona katika taarifa ya robo ijayo.