Sondu: Haki Yako ya Lugha na Mahali pa Kujifunzia

Soko la Sondu liko mpakani mwa Kaunti za Kisumu na Kericho. Mnunuzi akisalimiwa "Oyawore" kwenye kibanda kimoja, huenda akasikia "Chamge" kwenye kinachofuata. Dholuo na Kikipsigis zote ni lugha za Kiniloti, ila za matawi tofauti. Mjaluo huhesabu achiel, ariyo, adek. Mkipsigis agenge, aeng', somok. Wakifika nne, ang'wen na ang'wan, wanakaribia kukutana.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inaitaka Serikali ikuze lugha za kiasili, pamoja na Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake. Uzito wa haki hiyo huonekana zaidi mtu anapokamatwa. Kifungu cha 49 kinataka aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kunyamaza. Mahakamani, Kifungu cha 50 kinampa mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Nyanya asiyejua Kiswahili wala Kiingereza hapaswi kutikisa kichwa tu kukubali asichokielewa. Yeye au jamaa yake aombe mkalimani kabla ya kujibu shtaka.

Kwa wazazi wenye watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3, ambako lugha za kiasili hufundishwa, tovuti ya African Storybook ina hadithi za Dholuo za kusoma na kupakua bure. Chuo Kikuu cha Maseno, kilicho papa hapa Kisumu, kilishiriki kukusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya katika mradi wa Kencorpus.

Google Translate iliongeza Dholuo mwaka wa 2024. Inafaa kwa neno mojamoja, lakini isiaminiwe kwa barua ya shamba au maagizo ya dawa. Neno "kendo" pekee laweza kuwa meko, ndoa au "tena". Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni. Tafsiri ya mashine ipelekwe kwanza kwa mzee anayeijua lugha, naye aisome kwa sauti.