Volkano Gani, Mama? Kusoma Historia Ukiwa Goma

Mama mmoja wa Birere, mtaa wa Goma, anasimulia kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa miezi miwili baada ya volkano. Mwanafunzi wa historia aliyeketi mbele yake haandiki mwaka bado. Anauliza kwanza: volkano gani, mama? Moto ulipita wapi? Mama akijibu kwamba ulikata katikati ya mji ukaingia ziwani, hiyo ni Januari 2002. Akisema ulikomea Buhene, ni Mei 2021. Na kama ni bibi aliyekulia upande wa Kibati, akakumbuka kwamba Mobutu alikuwa bado madarakani, huenda anazungumzia Januari 1977. Swali la pili: nani walikuwa wanashika mji? Goma watu huhesabu miaka hivyo, kwa majina ya makundi ya waasi: wakati wa AFDL, wakati wa RCD, M23 ya kwanza. Mama akijibu RCD, na moto ulifika ziwani, majibu mawili yameshikana na mwaka unaweza kuandikwa.

Hiyo ndiyo kazi ya historia, na ndiyo sababu naandika haya kwa kijana mwenye diploma ya serikali mkononi, pamoja na mzazi wake anayeona kwamba minervali ya kulipia historia ni fedha iliyotupwa ziwani.

Njia ya karibu kwa wengi ni ISP, chuo cha ualimu, kwa kuwa huko unasoma historia na wakati huohuo unajifunza kuifundisha. ISP ya Bukavu ina jina kubwa katika fani hii. Kituo chake cha utafiti, CERUKI, kimechapisha kazi nyingi juu ya Kivu. Anayeweza kusafiri mbali atazame Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambako maprofesa kama Donatien Dibwe dia Mwembu wamefanya kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi na familia zao kuwa somo kamili. Kwa mfumo wa LMD, lisansi ni miaka mitatu yenye kredi 180, na masta ni miaka miwili yenye kredi 120. Kabla ya kulipa chochote, nenda sekretarieti ukaulize mambo mawili: kama idara ya historia ina wanafunzi mwaka huu, na nani atasimamia memware yako, yaani kazi yako ya utafiti ya kumalizia masomo. Idara iliyobaki jina tu kwenye karatasi itakupotezea miaka.

Usitegemee kukariri majina ya wafalme. Somo litakalokukalia maisha yote ni kritiki ya historia: kuuliza hati hii iliandikwa na nani, lini, kwa faida ya nani, na nani mwingine aliona jambo lilelile. Ripoti ya afisa wa Kibelgiji juu ya kodi ya kijiji si uongo mtupu wala si kweli yote. Mzee wa kijiji hichohicho naye ana sababu zake za kusema anavyosema. Unawasikiliza wote wawili, kisha unapima.

Sasa kazi. Wengi huanzia darasani, na hapo lazima niseme kweli. Mwalimu mpya anaweza kufundisha miaka kadhaa kabla jina lake halijaingia katika orodha ya mishahara ya serikali. Walimu wa namna hiyo ndio wanaoitwa NU (nouvelles unités). Muda huo anaishi kwa kile ambacho wazazi wanaweza kutoa. Anayechagua ualimu wa historia ajipange kwa hilo tangu mwanzo, awe na shughuli nyingine pembeni. Lakini darasa si mlango wa pekee.

Goma ni mji wa utafiti. Pole Institute iko hapa tangu miaka ya 1990, na mashirika mengi hutafuta vijana wa kwenda vijijini kuhoji watu. Siku hizi mahojiano hujazwa kwenye simu kwa KoboCollect, na mtu yeyote anaweza kufundishwa kubonyeza. Kinachomtofautisha aliyesoma historia ni kwamba anatambua jibu lililopangwa, na anajua kuuliza swali la pili. Watafiti wa Bukavu, kupitia kundi la GEC-SH na wenzao, wamepaza sauti juu ya wasaidizi wanaokusanya habari kwenye hatari halafu majina yao hayaonekani popote. Kwa hiyo kabla ya kuanza kazi, dai jina lako liandikwe kwenye ripoti.

Kuna redio pia. Radio Okapi inatangaza tangu 2002, Kiswahili kikiwa kati ya lugha zake, na mwandishi anayejua mzozo wa leo ulianzia wapi hapotoshwi kirahisi. Kuna utalii: Virunga, mbuga ya kwanza ya taifa barani Afrika, ilianzishwa 1925 kwa jina la Mfalme Albert, na wakazi wa kando yake wana historia yao ya mashamba na mipaka ambayo mgeni angependa kuisikia.

Halafu kuna haki na sheria, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa ya 2010, juu ya uhalifu wa kati ya 1993 na 2003, ilisimama juu ya ushahidi uliolinganishwa, chanzo kimoja na kingine. Mwaka 2022 sheria iliunda FONAREV, mfuko wa fidia kwa wahanga. Mhanga anahitaji mtu wa kuthibitisha alikuwa wapi, siku gani. Au fikiria uraia. Sheria ya 1981 ilichukua 1 Agosti 1885 kuwa kipimo cha makabila ya Kongo. Ile ya 2004 ikachukua uhuru wa 1960. Mwaka mmoja ulioandikwa kwenye sheria umewafanya majirani wa Masisi na Rutshuru kuonana wageni. Wabelgiji walianza kuhamishia watu kutoka Rwanda mwaka 1937 kupitia MIB, mpango wao wa kuwahamisha Banyarwanda, wakati wengine walikuwa wameishi huku kabla mipaka haijachorwa. Ukisoma historia hapa utaombwa, hata na ndugu zako, uchague mwaka unaowafaa wao. Ukikubali, umeacha kazi yako.

Jifunze lugha. Kifaransa utakipata darasani; Kihunde, Kinande, Kinyarwanda au Kishi kitakufungulia mlango wa mzee. Na usidharau Kiswahili chetu: mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha huko, kwa niaba ya waliokuwa boyi wa Wazungu, na leo wataalamu wa dunia wanaisoma. Ukimhoji mtu kwa Kiswahili, weka maneno yake hayohayo kwenye memware, tafsiri iwe chini yake.

Huna haja ya kungoja mwaka wa masomo uanze. Volkano ya 2002 iliunguza nyumba na ofisi pamoja na karatasi zake; vita vimechukua nyingine. Bibi yako ana kopo la bati lenye kadi ya ubatizo, risiti ya kodi, picha ya harusi isiyo na tarehe. Mwombe ruhusa, piga picha kila karatasi, mbele na nyuma. Muulize nani amesimama kushoto, andika jibu, na andika siku uliyomwuliza.