Gome la Mti Linatuambia Nini Juu ya Hewa Yetu?



Mama wa Riruta akianika shati jeupe karibu na Barabara ya Naivasha asubuhi, jioni atalianua lina rangi ya majivu. Basi shati hufuliwa. Mti ulio kando ya barabara hiyo haufuliwi na mtu. Unapokea moshi wa matatu, moshi wa takataka zinazochomwa, na vumbi, mwaka baada ya mwaka, na sehemu yake hunasa katika nyufa za gome. Kwa sababu hiyo wataalamu hulitumia gome kama daftari la hewa, na kikundi chenu pia kinaweza kulisoma kidogo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1866 mtaalamu wa mimea William Nylander alieleza kwamba likeni, yale madoa ya kijani-kijivu yanayoshika magome, zilikuwa nyingi katika bustani moja ya Paris kuliko sehemu nyingine za mji. Alisema zinapima usafi wa hewa. Nanyi tazameni miti ya shambani huko Kikuyu au Limuru, halafu mtazame ile ya stendi.

Tuanze kazi. Chagueni mti wenye gome lenye mikwaruzo, kama mjakaranda au mgrevilea. Mkaratusi unaobambuka haufai, maana kila ukijivua unatupa daftari lake. Tafuteni miti ya aina moja na unene unaokaribiana: mmoja kando ya barabara, mmoja karibu na shule ya watoto, na mmoja mbali na magari na majiko. Huo wa mbali msiuache, kwa sababu bila wa kulinganisha hamtajua lolote. Mti uliopakwa chokaa au kupigwa misumari ya mabango, upiteni.

Kwa kimo cha kifua, bandikeni kipande cha selotepu, mkibonyeze, mkivute, kisha mkibandike kwenye karatasi nyeupe. Andikeni mahali, tarehe, na upande wa mti. Fanyeni vivyo hivyo kwa miti yote siku moja, wakati wa kiangazi, maana mvua huosha. Weusi wa masizi na wekundu wa vumbi la barabara mtauona kwa macho.

Lakini selotepu haionyeshi risasi. Hapa hatusemi risasi ya bunduki, bali ile metali iliyo ndani ya betri za gari. Ndiyo tunayoiogopa zaidi, kwa kuwa huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Kuipima kunahitaji maabara. Huko hupelekwa gome lenyewe: kwangueni tabaka la nje lililokufa, milimita mbili au tatu tu, kwa kisu kisafi, na mlitie katika bahasha ya karatasi. Mkifika penye unyevu au rangi ya kijani mmeshaujeruhi mti. Ulizeni bei kabla hamjakwangua chochote!

Mjue pia kwamba gome la mti mzee lina kumbukumbu ndefu. Petroli yenye risasi iliuzwa Kenya mpaka ikaondolewa kufikia 2006. (Nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria, 2021.) Kwa hiyo risasi ikionekana, inaweza kuwa ya zamani, au ya mtu anayeyeyusha betri uani leo. Msimnyoshee jirani kidole kwa gome peke yake. Pimeni udongo, na watoto wapelekwe kituo cha afya kuulizia kipimo cha damu.

Vipimo vina nguvu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi ikaonekana katika damu ya watoto. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na mkiwa na karatasi zenu zenye tarehe, chifu au afisa wa NEMA atawasikiliza tofauti na mtu aliyekuja na malalamiko matupu.

Na lingine la nyumbani, ambalo wengi hawalifikirii: gome la mwarobaini wa kando ya barabara msilichemshe kuwa dawa. Yale yaliyonaswa na gome yataingia sufuriani. Sukuma wiki iliyopandwa ukingoni mwa lami nayo ioshwe sana, ingawa sisi tungeihamishia nyuma ya nyumba.

Maswali ya kujadili kikundini: Ni mti gani mzee kuliko yote katika mtaa wenu, na uko karibu na nini? Nani huchoma plastiki na mipira, saa ngapi, na watoto huwa wapi wakati huo? Ni nani kati yenu atakayetunza karatasi za selotepu hadi kiangazi kijacho?