NJIA YA MZIGO: GINSI MUUZAJI WA INTANETI ANATUMA VITU KATIKA INCHI ZA MBALI



Kila asubui mnasikia sauti yangu mbele ya mistari, nikisema "nyamazeni" ao "ingizeni shati". Leo ninaleta jambo ingine. Ni somo juu ya biashara, lakini mwisho wake nitatubu kitu mbele yenu, kwa sababu somo hili nililijifunza kwa pesa ya mtu mwingine.

1. SOKO ISIYO NA MEZA

Zamani mama aliyeshona sakoshi za kitenge hapa Lubumbashi aliziuza ku soko ya Kenya, ao alizitembeza kwa kichwa. Mnunuzi alishika kitu, alibishana bei, alilipa, akaenda nacho. Yote iliisha kwa dakika kumi. Leo mama yule anaweza kupiga picha na telefone, kuiweka ndani ya soko ya intaneti, na mtu wa Bruxelles ao wa Chicago anainunua bila kuonana naye.

Masoko haya si ya jana. eBay ilianza Marekani mwaka 1995, na mwaka ule ule Amazon ikaanza kuuza vitabu. Alibaba ilianza China mwaka 1999. Soko ya namna hii inafanya kazi tatu: inaonyesha kitu, inashika pesa, na inasikiliza mashitaka wakati muuzaji na mnunuzi hawapatane. Wengi wanafikiri kama inabeba mzigo pia. Hapana. Ziko zingine zenye kuweka mali ya wauzaji katika maghala yao, kama Amazon ilivyoanza kufanya mwaka 2006. Lakini kwa muuzaji mdogo kama wa kwetu, mzigo ni kazi yake mwenyewe. Na pale ndipo watu wanapotea.

2. MIKONO SITA

Tufuate kartoni moja yenye sakoshi 12, kutoka hapa mpaka Bruxelles. Inapita katika mikono sita:

a) Muuzaji. Anafunga mzigo na kuandika karatasi.
b) Mpokeaji wa mizigo, ni kusema posta ao kampuni ya usafiri. Anapima, anabandika numero, anapokea pesa.
c) Duane ya hapa. Inaangalia kama kitu kina ruhusa ya kutoka.
d) Ndeke. Mara nyingi mzigo hauendi moja kwa moja. Unashuka katika uwanja mkubwa wa katikati, unachanganywa na mizigo ya inchi zingine, halafu unapanda ndeke ya pili.
e) Duane ya kule. Inasoma karatasi na kuhesabu kodi.
f) Mgawaji, mwenye kuufikisha ku mlango wa mnunuzi.

Angalieni vizuri: kati ya hawa sita, muuzaji anaonana na mmoja tu, yule wa pili. Wengine wote hawatamwona hata siku moja, wala hawatamuuliza neno. Wao wanaamini karatasi. Karatasi ndiyo kinywa cha muuzaji mahali yeye hayuko.

Posta za dunia ziliungana mwaka 1874 kule Bern, katika inchi ya Uswisi, kusudi barua ya inchi moja ikubaliwe na inchi zote. Kwa sababu ya umoja ule, numero ya mzigo wa posta ina namna moja fasi zote: herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za inchi. Ukiona CD mwishoni, mzigo umetoka kwetu Kongo. Kila mkono unaposoma numero ile, habari inaingia katika intaneti, na wewe unaona mzigo umefika wapi.

3. KILO YA MIZANI NA KILO YA UKUBWA

Hapa wengi wanashangaa. Mtu anapima kartoni yake nyumbani, anaona kilo 6. Anafika ku kampuni, anaambiwa alipe kilo 12. Anafikiri wamemwibia. Hawakumwibia. Ndani ya ndeke, kitu chepesi lakini kikubwa kinakamata fasi ya vitu vingine. Kwa hiyo kampuni za ndeke zinahesabu kilo mbili, na unalipa ile inayozidi.

Kanuni ambayo kampuni nyingi zinatumia ni hii: urefu mara upana mara kimo, kwa santimetre, halafu gawanya kwa 5.000.

Mfano. Kartoni ya 50 × 40 × 30 inafanya 60.000. Gawanya kwa 5.000: ni kilo 12. Hata kama mizani inasema 6, utalipa 12.

Sasa ondoa zile karatasi ulizojaza ndani ya sakoshi, zilaze, zipange vizuri katika kartoni ya 40 × 30 × 15. Inafanya 18.000, ni kusema kilo 3 na gramu 600. Sasa mizani ndiyo inazidi, na utalipa kilo 6. Sakoshi ni zile zile 12, safari ni ile ile, lakini umelipa nusu. Hesabu ya kilasi ya kwanza imekupa faida kuliko kubishana saa nzima na mtu wa mizani.

4. KARATASI

Kwa posta, karatasi ya duane inaitwa CN 22, ya mizigo midogo, ao CN 23 kama mzigo ni mkubwa ao wa bei kubwa. Kwa kampuni za usafiri ni fakture ya biashara. Zote zinauliza mambo yale yale:

- Ni kitu gani? Hapana kuandika "vitu" ao "mali". Andika: sakoshi 12 za wanawake, za kitambaa cha pamba.
- Numero ya kitu. Inchi karibu zote za dunia zinatumia mpango mmoja wa numero, ulioanza kazi mwaka 1988, wenye tarakimu sita. Sakoshi ya mkono ya kitambaa ni 4202.22. Mtu wa duane wa Japani na wa Brazili wanaielewa sawasawa, hata kama hawajui Kifransa chetu.
- Bei ya kweli, na pesa ya inchi gani.
- Kitu kimefanyizwa katika inchi gani.
- Ni kitu kilichouzwa ao ni zawadi?

Vitu vingine vina kizuizi. Batri za telefone, marashi na mikebe ya kupuliza vinaweza kuwaka moto ndani ya ndeke, na vina sheria kali. Pembe za tembo zinakatazwa na mapatano ya inchi nyingi yaliyofanywa Washington mwaka 1973. Basi, hata kama umekuta bangili ya pembe katika sanduku ya nenu, usiiweke ku soko ya intaneti.

5. NANI ANALIPA DUANE?

Ulizo hili lipatiwe jibu mbele ya kuuza, si nyuma. Chama cha wafanyabiashara wa dunia, chenye makao yake Paris, kilitoa maneno mafupi ya mapatano mara ya kwanza mwaka 1936, na yalitengenezwa tena kwa mwaka 2020. Mwalimu wetu wa hati za biashara anatufundisha mengi, lakini kwa muuzaji mdogo mawili yanatosha:

DAP: muuzaji analipa safari mpaka kule, lakini kodi za kuingia katika inchi ni juu ya mnunuzi.
DDP: muuzaji analipa yote, hata kodi za kule.

Ukinyamaza, mnunuzi anafikiri amekwisha kulipa yote. Siku mgawaji anabisha ku mlango na kumdai pesa zaidi, anakasirika, anakataa mzigo, na mzigo unarudi ao unaharibiwa. Hasara ni yako.

Tuseme sakoshi 12 ni dolari 180, na safari ni dolari 70. Jumla 250. Katika Ubelgiji TVA ni 21 kwa mia, na inahesabiwa juu ya kitu pamoja na safari. Inafanya dolari 52 na nusu, na pengine ushuru wa duane unaongezeka. Mnunuzi apashwa kujua hii mbele.

Tena sheria zinageuka. Zamani kitu cha chini ya euro 22 kiliingia Ulaya bila TVA; msamaha ule uliondolewa tarehe 1 Julai 2021. Marekani, tangu mwaka 2016, vitu vya dolari 800 na chini viliingia bila ushuru. Lakini msamaha ule ulisimamishwa kwa inchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Muuzaji aliyesoma sheria mara moja tu ni kama mwanafunzi mwenye kuleta jibu la mwaka jana katika mtihani wa leo.

6. MIZIGO INAYOKUJA KWETU

Njia ya kuja haifanani na ya kwenda. Wafanyabiashara wetu wengi wanaagiza vitu China, na ndeke ni bei kali. Kwa hiyo wanaunganisha mizigo: watu kumi na tano, kila mmoja na kartoni zake, wanajaza konteneri moja. Kila mtu analipa kufuata metre kibu zake. Konteneri inashuka Dar es Salaam, inapanda kamio, inapita mpaka wa Tunduma na Nakonde, inavuka Zambia yote, na inaingia kwetu Kasumbalesa. Faida yake ni bei ndogo. Hatari yake ni hii: kama mmoja kati ya wale kumi na tano amedanganya karatasi yake, duane inaweza kusimamisha konteneri nzima, na wale kumi na ine wasio na kosa wanangoja pamoja naye.

7. KOSA LANGU

Sasa nifike pale.

Mama mdogo wangu anashona sakoshi. Kwa likizo moja mnunuzi wa Bruxelles aliagiza 12, kwa dolari 180. Mama mdogo hajasoma sana, akanipa kalamu: "Wewe unajua Kifransa, ujaze hii karatasi." Nilikuwa nimesikia vijana wakisema kama ukiandika "zawadi" na bei ndogo, duane ya Ulaya inakuachilia. Nikaandika: zawadi, dolari 10. Mnunuzi hakutuomba ile. Mama mdogo hakujua. Ni mimi peke yangu, na nilijiona mwenye akili.

Mzigo ulipotea. Numero ilionekana mara tatu, kisha ikanyamaza. Soko ya intaneti ikamrudishia mnunuzi dolari zake 180, na ilikuwa haki, kwa sababu hakupata kitu. Sisi tukaenda kudai ku kampuni ya usafiri. Mtu wa kampuni alitoa karatasi, akaweka kidole juu ya mwandiko wangu: dolari 10. Kampuni haiwezi kulipa zaidi ya bei iliyoandikwa. Nikataka kusema "Hapana, bei ya kweli ni 180." Lakini ningesemaje? Kinywa changu kilikuwa pale ndani ya karatasi, na kilikwisha kusema.

Pesa ile ilikuwa minervale ya dada yangu mdogo. Tulipotoka inje, mama mdogo hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwana, sasa juu ya nini uliandika vile?" Sikupata jibu mpaka nyumbani, wala siku ile yote.

Ninajua wengine watasema: "Kumbe! Yeye anayeandika majina yetu kwa sababu ya kunakili mtihani!" Ni kweli. Kwa hiyo ninaandika jina langu pia. Likizo iliyofuata nilikaa katika nyumba ya kushonea, nikikata vitambaa na kushona mifuko ya ndani bila mushahara, mpaka deni lile likaisha. Mnunuzi aliagiza tena. Mara hii tulimwambia mbele juu ya TVA, tuliandika bei ya kweli, tuliandika "imeuzwa". Alilipa kule, akapata sakoshi zake, akatuma picha.

Zawadi ni kitu unachompa mtu bila yeye kulipa. Kitu kilichouzwa hakiwezi kuwa zawadi, hata ukiandika kwa wino mwekundu. Wenye Biblia wafungue Mezali 11:1, wasome juu ya mizani. Zamani nilifikiri mustari ule ni wa mama wauza unga.

8. MAULIZO YA KUJIPIMA

1) Kartoni ni 60 × 40 × 25, na mizani inasema kilo 9. Utalipa kilo ngapi?
2) Eleza tofauti ya DAP na DDP kwa mtu asiyesoma, kwa maneno yako.
3) Andika karatasi ya duane kwa vikapu 5 vya dolari 8 kila kimoja. Usisahau neno lolote la sehemu ya 4.
4) Rafiki yako anakuomba uandike bei ndogo "kwa kumsaidia". Utamjibu nini? Ulizo hili halina pointi, lakini lijibu.

Majibu ya ulizo la kwanza muniletee ku mistari siku ya Kazi Tatu. Atakayekosa sitamwandika jina, tutahesabu pamoja.

Mungu awabariki katika masomo yenu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mkuu wa wanafunzi, finalisti, sehemu ya Biashara