Kusafisha Bastola

Mkulima mwenye cheti cha bastola, hapa Mfangano au ng'ambo huko Mbita na Lambwe, ajue kwamba maji ya ziwa letu, ingawa hayana chumvi, huleta kutu upesi. Bastola yenye kutu hukwama. Lakini watu wameumia pia wakati wa kuisafisha.

Sababu ni hii. Bastola ya kujipakia ikilia, kifuniko cha juu hurudi nyuma na kutupa ganda; kikienda mbele huchukua risasi nyingine katika magazini na kuiingiza mtutuni. Basi ukitoa magazini tu, risasi moja yaweza kuwa imo bado. Toa magazini kwanza, ndipo uvute kifuniko nyuma. Ukigeuza mpango huo, utatoa risasi moja na kuingiza nyingine! Kisha tazama mtutuni kwa macho, utie na ncha ya kidole. Bastola nyingine hazifunguki mpaka zifyatuliwe, kwa hiyo hakikisha mara mbili, na mdomo uelekee mahali pasipo mtu. Risasi zikae chumba kingine.

Ifungue kama kitabu chake kionyeshavyo. Pitisha brashi yenye dawa mtutuni, kutoka nyuma ikiwezekana, kisha vitambaa mpaka kimoja kitoke safi. Tia matone machache ya mafuta ya bunduki. Mengi hushika vumbi, na ya kupikia hugandamana. Usiiweke katika mfuko wa ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu. Ifungie katika sanduku la chuma, ufunguo ukae nawe.