Soma Bahasha ya Dawa Kabla Hujameza

Somo letu la leo ni maandishi mafupi sana. Hayamo kitabuni. Yameandikwa kwa kalamu juu ya bahasha ndogo ya dawa, ile ambayo kila nyumba hapa Nachingwea na Ruangwa imewahi kuwa nayo. Mara nyingi yanasomeka hivi: 1 x 3.

Mtu asiyejua kusoma akitoka zahanati hutegemea kukumbuka aliyoambiwa. Njia ni ndefu, jua kali, mtoto analia mgongoni. Akifika nyumbani amebaki na bahasha tu, maneno yamepotea njiani. Wewe uliyehitimu kisomo hupotewi na kitu, maana maneno unayo mkononi. Hebu tuyasome.

Namba ya kwanza ni vidonge. Namba ya pili ni mara ngapi kwa siku. Basi 1 x 3 ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Na 2 x 3 ni vidonge viwili mara tatu, yaani sita kwa siku. Siku ina saa 24. Ukigawa kwa 3 unapata 8. Kwa hiyo ukimeza saa 12 asubuhi, utameza tena saa 8 mchana, halafu saa 4 usiku. Wako wanaomeza asubuhi, adhuhuri na saa 10 jioni, basi wamemaliza kazi. Hapo usiku kucha dawa mwilini ni kidogo mno, na vijidudu vinapata nafasi ya kupumua.

Kisha uliza: ni kwa siku ngapi? Kama ni 1 x 3 kwa siku 5, vidonge ni 15. Vihesabu pale pale dirishani kabla hujaondoka. Vikiwa 10, uliza. Kuuliza si ukorofi.

Shida huanza siku ya tatu. Homa imeondoka, mgonjwa anakula ugali vizuri, anataka kwenda shamba. Vidonge vilivyobaki vinafungwa kwenye pindo la khanga vimngoje mgonjwa mwingine. Sasa huyo mgonjwa mwingine atapata dawa pungufu ya ugonjwa ambao pengine si wake, na wa kwanza hakumaliza ya kwake. Wote wawili hawakutibiwa.

Wazee wanaikumbuka klorokwini. Uchungu wake! Na mwasho wake, mtu anajikuna usiku kucha mpaka nyayoni. Iliuzwa hata katika maduka yanayouza chumvi na mafuta ya taa, na kila mtu alikuwa daktari wake mwenyewe. Tuseme kweli, kwa miaka mingi dawa hiyo iliponya watu. Lakini vimelea vya malaria viliizoea. Watoto walimezeshwa klorokwini na homa ikaendelea. Mwaka 2001 Serikali iliiondoa katika tiba ya malaria, ikaweka SP. Mwishoni mwa mwaka 2006 SP nayo ikaachwa, ikaja dawa ya mseto, yaani ALu. SP imebaki kwa wajawazito, ambao hupewa kliniki kama kinga. Usugu huo una sababu zaidi ya moja. Lakini kumeza dawa nusu, na kumeza dawa ya malaria kwa homa isiyokuwa malaria, zimo katika sababu hizo. Na siku hizi, kule Kagera, wataalamu wamekwisha kuona vimelea vinavyochelewa kufa hata kwa dawa ya mseto. Ndugu zetu, hakuna ghala lililojaa dawa nyingine mpya za malaria zinazotungoja.

Kwa hiyo pima damu kwanza. Ukionekana una malaria na ukapewa mseto, fanya hesabu. Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4, mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Jumla ni 24. Dozi ya pili inamezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, haingoji kesho. Mtoto hupewa kwa uzito wake, si kwa kukisia. Dawa hii inafanya kazi vizuri zaidi ukiimeza na chakula chenye mafuta, hata karanga. Na karanga hapa Nachingwea si kitu cha kuagiza, maana wilaya hii ilijulikana duniani kwa mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ingawa mpango wenyewe ulishindwa.

PESA NI YANGU, UNANINYIMIA NINI?

Tuchukue mfano. Mama anaingia duka la dawa siku ya mnada.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe rangi mbili, za mia tano."

"Nani anaumwa, mama?"

"Mjukuu wangu anakohoa. Zitakazobaki nitamwagia kidonda cha babu yake."

"Mama, hizo siwezi kukupa namna hiyo. Mpeleke mtoto zahanati akapimwe. Na babu naye akasafishwe kidonda."

"Ala! Pesa ni yangu, dawa ni yako, unaninyimia nini?"

Kwa maoni yetu muuzaji huyu amefanya vizuri, japo amekosa biashara. Kwanza, "rangi mbili" si jina la dawa. Ni rangi ya ganda. Ndani inaweza kuwa amoksilini, inaweza kuwa tetrasaikilini, inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Tetrasaikilini huharibu rangi ya meno ya watoto walio chini ya miaka 8, na mjamzito hapewi. Amoksilini ni ndugu ya penisilini, na wako watu ambao miili yao inaikataa penisilini hata wakafa. Pili, kikohozi cha mafua huletwa na virusi, na dawa hizi haziui virusi. Tatu, unga wa kidonge haukutengenezwa kwa kumwagwa juu ya kidonda. Kidonda kinataka maji safi, sabuni na kitambaa safi, na kikizidi, mganga.

Mkulima wa korosho anayaelewa haya pengine kuliko sisi. Hapulizi salfa kwa sababu tu anayo pesa ya salfa. Anaangalia ubwiriunga, anaangalia maua yametoka namna gani, anapima, ndipo anapuliza. Mwili wa mjukuu nao unataka kupimwa hivyo.

Ndiyo maana sheria imezigawa dawa. Ziko ambazo mtu hununua mwenyewe bila cheti, kama parasetamo ya maumivu. Ziko ambazo hutolewa kwa cheti cha mganga tu. Sheria ya mwaka 1978 iliyaruhusu maduka ya dawa baridi kuuza zile zisizohitaji cheti. Lakini famasi zilikuwa mijini, na mtu wa kijijini anaugua kama mtu wa mjini. Basi dawa za cheti zikauzwa humo kwa mlango wa nyuma, na watu wasiofundishwa. Mwaka 2003, kwa jirani zetu wa Ruvuma, ulianza utaratibu mpya wa Duka la Dawa Muhimu. Muuzaji anafundishwa kwanza, duka linakaguliwa, na linaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti zilizoorodheshwa. Baadaye utaratibu huo ulienea mikoa mingine.

Ukiingia dukani, inua macho ukutani usome kibali. Baraza la Famasi ndilo linalosajili duka na wataalamu wake. Dawa yenyewe, kama ni nzuri na imeruhusiwa kuingia nchini, hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo kabla ya mwaka 2019 iliitwa TFDA. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano. Na yule anayezunguka mnadani na mkoba wa vidonge juani hana ukuta wa kutundika kibali. Kesho hayupo, utamuuliza nani?

MAANDISHI YA PAKITI

Kwenye pakiti tafuta herufi EXP. Tarehe inayofuata ndiyo mwisho wa dawa. Ikiandikwa EXP 06/2024, mwisho wake ni mwezi wa sita mwaka 2024, na tarehe 1 Julai mwaka huo haifai tena. Karibu yake iko namba ya toleo. Usiidharau. Mwaka 2012, dawa bandia za kupunguza makali ya UKIMWI zilipogunduliwa Tarime, mkoani Mara, zilisakwa kwa namba ya toleo. Ukiona herufi GOT, hiyo ni dawa ya Serikali. Ikiuzwa dukani, ujue haikufika pale kwa njia ya halali. Mwambie mganga wa wilaya au ofisi ya kijiji.

Halafu soma majina. Pakiti huwa na jina kubwa la biashara, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la dawa yenyewe. Majina makubwa ni mengi, lakini dawa inaweza kuwa ile ile moja. Mtu anameza panadol ya kichwa, saa hiyo hiyo anameza dawa ya mafua ya mchanganyiko, kumbe zote mbili ndani zina parasetamo. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Ikizidi sana huharibu ini, na anayeharibika ini hahisi siku ile ile. Anaweza kujiona mzima siku moja au mbili, ndipo anazidiwa. Aspirini usimpe mtoto. Dawa ya maji ipime kwa kijiko au kikombe kilichokuja na chupa, maana vijiko vya nyumbani vyetu havilingani.

Weka dawa pakavu, mbali na jua na mbali na watoto. Usiziweke karibu na viuatilifu vya mikorosho. Na viuatilifu visitiwe kabisa kwenye chupa ya soda.

ZOEZI LA KIKUNDI

Leteni bahasha na pakiti zote za dawa zilizomo nyumbani. Bahasha moja imeandikwa 2 x 3, siku 5: vinatakiwa vidonge vingapi? Mtu amemeza dozi ya kwanza ya mseto saa 3 asubuhi: ya pili atameza saa ngapi? Bahasha ya tatu ina namba lakini haina jina la dawa: mtaifanyaje? Someni EXP ya kila pakiti kwa sauti. Zilizopita muda wake zikusanyeni pamoja, msizitupe jalalani watoto wanapochezea, mpelekeeni mganga wa zahanati.