Kilomita 21 na Mimba Tumboni

Siku hizi mbio za hisani zimeenea mikoani, na nyingi zina safari za kilomita 5, 10 na 21. Nyingine huchangia uzazi wenyewe: kule Zanzibar, Amref imeendesha kampeni ya Uzazi ni Maisha, watu wakatembea na kukimbia pole pole ili zipatikane fedha za vifaa vya kujifungulia. Si ajabu basi mama kijacho wa Izia, Sumbawanga, akiona wenzake wa kikundi cha jogging wanajiandikisha, naye akauliza: nikitembea tu, bila kukimbia, nusu marathoni itanidhuru?

Inategemea mimba yenyewe ikoje, miguu ilizoea nini kabla ya mimba, na utakaa barabarani saa ngapi. Hili la saa ndilo husahauliwa. Kilomita 21.1 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni saa 4 na dakika 13. Mwenye mimba ya miezi sita, anayesimama kunywa maji na kwenda haja ndogo kila mara, atajikuta kwenye kilomita 4 kwa saa, na hapo safari inapita saa 5. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamshauri mjamzito asiye na tatizo afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Nusu marathoni ya kutembea ni mazoezi ya wiki mbili yaliyobanwa katika asubuhi moja.

Atatokea mtu akutajie yule mwanamke wa Chicago. Ni kweli: Oktoba 2011 mjamzito wa karibu wiki 39 alimaliza marathoni nzima ya mji huo, akikimbia na kutembea, kwa saa 6 na dakika 25, kisha akajifungua salama saa chache baadaye. Lakini alikuwa mkimbiaji wa marathoni tangu kabla ya mimba, na daktari wake alikuwa na habari. Habari yake inaonyesha mwili uliozoea unaweza nini. Ya mwili wako haisemi.

Na mwili wako, mama wa Ufipa, huenda umezoea kuliko unavyodhani. Mwanamke anayekwenda shamba kwa miguu, akarudi, akaenda mashineni kusaga na jioni akapita sokoni, amekwisha kutembea kilomita kadhaa bila fulana wala medali. Huo ni msingi mzuri. Ila mwendo huo mara nyingi huwa na ndoo kichwani au mtoto mgongoni, na siku hiyo hiyo kuna jembe. Anayejua kazi ya kupiga matuta ya ntumba hahitaji kuelezwa mgongo unavyobaki. Kazi hizo zihesabiwe. Ukifanya mazoezi ya kilomita 10 alfajiri kisha ukaenda kulima mpaka saa nane mchana, umeuchosha mwili mara mbili, na chakula cha mtoto hutoka kwenye mwili huo huo. Hapa nawaambia waume bila kuzunguka: mke akijiandaa kwa safari hii, maji na kuni za wiki hizo achote na kukata mwingine.

Kabla ya kulipia namba ya kifuani, nenda kliniki na kadi yako. Mwambie nesi au mkunga umbali wenyewe, usiseme tu “mazoezi”. Apime shinikizo la damu, mkojo na wingi wa damu. Kwa mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu wa damu, na anayepungukiwa damu hana mafuta ya safari ndefu. Ameze vidonge vyake vya kuongeza damu, atibiwe, aache mbio ziende. Usifiche kama unakula udongo. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma.

Wako wasiopaswa kuijaribu kabisa: mwenye shinikizo la damu au dalili za kifafa cha mimba, aliyetokwa na damu, ambaye kondo la nyuma limekaa juu ya mlango wa kizazi, mwenye shingo ya kizazi iliyolegea, mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, na aliyewahi kupata au anayetishiwa na uchungu wa kabla ya wakati. Mwenye mapacha aamuliwe na daktari, si na kikundi.

Ukiruhusiwa, muda unaofaa zaidi ni kati ya wiki ya 14 na ya 27. Kichefuchefu kwa wengi kimepungua, tumbo bado halijaelemea nyonga. Baada ya hapo viungo hulegea zaidi, uzito husogea mbele, na kujikwaa kunakuwa rahisi. Kwa kipindi hicho ushauri wangu ni kilomita 5 basi. Na kama kabla ya mimba hukuwa ukitembea hata kilomita 5 kwa mfululizo, mimba si wakati wa kuanzia 21. Aliyezizoea hizo 5 aongeze pole pole, kilomita moja au mbili kwa wiki katika ile safari yake moja ndefu, apumzike siku inayofuata. Akifika 15 bila maumivu ya kinena wala mgongo, anaweza kuifikiria siku yenyewe. Kipimo cha kasi hakihitaji saa: uwe unaweza kuzungumza na mwenzako sentensi nzima. Ukianza kukata maneno, punguza.

Uwanda wa Ufipa una mambo yake. Mji wa Sumbawanga uko juu sana, karibu kilomita nzima juu ya maji ya Ziwa Tanganyika. Aliyekulia hapa damu yake imezoea hewa hiyo. Lakini shemeji anayepanda kutoka Kirando au Kasanga kuja kutembea nawe apewe siku kadhaa azoee kwanza, hasa kama naye ni mjamzito. Ubaridi na upepo wa huku hudanganya: hutoki jasho la kuonekana, kumbe maji yanakutoka na jua linakuchoma. Kunywa kidogo kidogo kabla ya kiu, kama nusu lita kwa saa, na utazame mkojo. Ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Njia chagua tambarare. Mteremko wa Lyamba lya Mfipa kuelekea bonde la Rukwa ni mzuri kwa macho, lakini kushuka na tumbo huumiza magoti na nyonga kuliko kupanda. Vivyo hivyo kwa anayewaza kusafiri hadi Moshi: nusu marathoni ya Kilimanjaro hupanda kuelekea Mweka, si njia ya mjamzito anayejaribu mara ya kwanza.

Vaa raba iliyokwisha kuzoea mguu, yenye nafasi, kwa kuwa miguu huvimba. Chini ya tumbo funga kanga iliyokunjwa, au mkanda wa wajawazito ukiupata, lakini usibane. Asubuhi kula uji wa ulezi, njiani beba ndizi na karanga. Kadi ya kliniki na simu yenye chaji viwe mwilini, na mtu wa kutembea nawe mwanzo hadi mwisho. Uliza waandaaji vyoo viko wapi, na njia hufungwa saa ngapi, maana nyingi hufunguliwa kwa magari kabla ya saa 5 za kutembea kwisha. Maumivu yakija usimeze diklofenaki wala ibuprofeni uliyopewa na mkimbiaji mwenzako. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizo zinaweza kudhuru figo za mtoto.

Simama papo hapo, hata ikiwa imebaki kilomita moja, ukiona damu au maji yanatoka, tumbo linabana na kuachia kwa mpangilio, kifua kinauma, pumzi inakata hata ukisimama, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma. Mtoto aliyekuwa akicheza akinyamaza isivyo kawaida yake, hiyo pia ni safari ya hospitali, si ya kurudi kulala.

Na ukiambiwa usubiri, subiri bila aibu. Faith Kipyegon wa Kenya alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 Rio 2016, akajifungua 2018, akarudi kuichukua tena Tokyo 2021 na Paris 2024. Mbio za hisani nazo hurudi kila mwaka.

Kwa dharura ya mjamzito, usafiri wa m-mama wa kufika kituo cha afya huitwa kwa namba 115. Kupiga ni bure.